Naishika chaki mimi, wenzangu wananakili tu

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Tuko watano, tunajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa hisabati ya juu, na zimebaki wiki nane. Tunakutana mara mbili kwa wiki, saa mbili kila kikao, kufanya maswali ya mitihani iliyopita. Utaratibu umejijenga wenyewe: swali likishasomwa, wote wananigeukia mimi. Nasimama ubaoni nafanya, wao wananakili. Kikao kimoja tunamaliza maswali saba au manane, na kila mtu anaondoka na daftari lililojaa.

Juzi tumefanya jaribio. Lilikuwemo swali hili: tatua sin 2x = cos x, x ikiwa kati ya nyuzi 0 na 360. Swali la namna hiyohiyo nilikuwa nimelifanya ubaoni wiki moja kabla. Watatu kati yao wameandika nyuzi 30 na 150 wakaishia hapo, wakati majibu ni manne. Wa nne hakuligusa kabisa. Mimi nimeyapata yote, lakini nimekatwa alama kwenye swali la "onyesha kwamba", eti nimeruka hatua.

Sasa tunalaumiana. Wanasema naeleza mbiombio. Nikipunguza mwendo, kuna mmoja ananikatiza kila mstari, "hiyo imetoka wapi?", na kikao kizima kinaishia kwenye swali moja. Usiku ni picha kwenye simu: "nitumie swali la tano". Nikituma, kimya. Nisipotuma, naambiwa nina choyo.

Tena yako mabishano mawili hatujayamaliza. La kwanza ni intigrali ya sin x cos x. Mimi nimepata sin²x/2, mwenzangu kapata −cos²x/2, mwingine −cos 2x/4, na kila mmoja anaapa kuwa yake ndiyo. La pili: wavulana 4 na wasichana 3 wapangwe mstari mmoja, pasiwe na wasichana wawili walio jirani. Wengi wanasema njia 4320, mimi nasema 1440, na nimeshindwa kuwashawishi.

Nijitoe nisome peke yangu?

Mshika Chaki

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usijitoe bado. Weka chaki chini kwanza, tuone kikundi kitasimama kwa miguu gani. Maswali manane kwa saa mbili ni dakika kumi na tano kwa swali, na kwa mwendo huo mnachofanya ni imla: wewe unasoma kutoka kichwani, wao wanaandika. Daftari lililojaa hivyo linadanganya sana, maana mtu akilifungua usiku anaona kila mstari unaeleweka. Kuuelewa mstari ulioandikwa na mwenzako ni jambo moja. Kuutoa mwenyewe mbele ya karatasi tupu ni jingine, na mtihani unataka hilo la pili.

Chukua hilo swali la jaribio. Ubaoni bila shaka uliandika 2 sin x cos x = cos x, ukahamisha ikawa 2 sin x cos x − cos x = 0, ukatoa cos x nje ya mabano: cos x(2 sin x − 1) = 0. Ama cos x = 0, ukapata nyuzi 90 na 270; ama sin x = 1/2, ukapata 30 na 150. Wenzako waliuona mstari wa mabano wakaunakili. Wasichokiona ni njia uliyoikwepa. Walipobaki peke yao na 2 sin x cos x = cos x, mkono ulikwenda panapoteleza: gawanya pande zote kwa cos x, inabaki 2 sin x = 1, kazi imekwisha. Lakini ukigawanya kwa cos x umeshakubali kimyakimya kwamba cos x si sifuri, na majibu mawili yamefutika papo hapo bila hata alama ya kufutwa. Wewe kosa hilo hukulifanya, kwa hiyo hukulitaja, na wao hawakujua kama lipo. Lingekuwa limeandikwa kwenye karatasi zao kabla ya kikao, lingeonekana dakika ya kwanza.

Hapo ndipo penye dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley alichunguza kwa nini baadhi ya wanafunzi wa kalkulasi walifaulu na wengine wakaanguka, hali bidii haikuwa tofauti sana. Aliwakuta wanafunzi wenye asili ya China, ambao wengi wao walikuwa wakifanya vizuri, wanafanya maswali kila mtu kivyake kwanza, kisha wanakutana kulinganisha, kukosoana na kuulizana. Walioanguka aliwakuta wakisoma peke yao mwanzo hadi mwisho. Ninyi mmepata nusu ya pili ya utaratibu ule, mkaikosa ya kwanza.

Basi punguzeni maswali yawe manne. Mkubaliane yapi siku tatu kabla, na kila mmoja ayafanye mwenyewe, dakika 25 kwa kila swali, kwa kalamu, bila kufuta. Akikwama, achore msalaba kando ya mstari wa mwisho anaouamini, na aandike kwa maneno machache anachokikosa: "sijui nianze na upande upi", "nimepata logi ya namba hasi", chochote. Msalaba huo ndio tiketi ya kuingilia. Asiyekuja na karatasi yake akae pembeni alifanye swali wakati ninyi mnaendelea, hata kama ni rafiki yako wa chanda na pete. Mkilegeza hapo mara moja tu, wiki inayofuata mtakuwa mmerudi kwenye imla.

Kikao chenyewe kianze kwa kusoma majibu ya mwisho tu, bila maelezo. Swali ambalo wote mmelingana, pita. Lililotofautiana, badilishaneni madaftari. Anayesoma daftari la mwenzake ana kazi moja: kutafuta mstari wa kwanza wenye kasoro, kuweka nukta ya penseli kando yake, na kulirudisha bila kusema kosa ni nini. Mwenye daftari ajirekebishe. Nasisitiza wa kwanza, kwa sababu mistari inayofuata mara nyingi ni sahihi kabisa, ila imejengwa juu ya namba mbovu. Ukianza kukosoa kutoka chini utamchanganya mwenzako kwenye hatua ambazo anaziweza.

Nukta hizo mtaona zinaangukia sehemu zilezile. Alama ya kutoa mbele ya mabano, iliyobadili neno la kwanza ikaliacha la pili. Kikokotoo kilichoachwa kwenye digrii wakati swali ni la kalkulasi. Derivativu ya sin x ni cos x pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Au kupandisha pande zote kipeo cha pili bila kurudi kukagua: √(2x + 3) = x inakupa x² − 2x − 3 = 0, yaani 3 na −1, lakini ukiiweka −1 kwenye mlinganyo wa mwanzo upande wa kushoto ni 1 na wa kulia ni −1. Jibu ni 3 peke yake.

Linalonikera zaidi ni la mipaka ya intigrali, kwa sababu ni uzembe mtupu na linakula alama nyingi. Intigrali ya x(x² + 1)³ kutoka 0 hadi 2: mtu anaweka u = x² + 1, anaandika vizuri kwamba du = 2x dx, anafika kwenye u⁴/8, halafu anaweka 0 na 2 zilezile. Anapata 2. Lakini x ikiwa 0, u ni 1. X ikiwa 2, u ni 5. Kwa hiyo ni (625 − 1)/8, yaani 78. Na 2 ingemshtua kama angeinua macho: x ikifika 2, mkunjo uko juu kwa 2 × 125, yaani 250. Eneo chini ya mkunjo kama huo litakuwaje 2?

Sasa wewe, baada ya kunyang'anywa chaki. Kazi yako inakuwa ngumu zaidi, na inafaa zaidi: kutoa kidokezo kidogo kabisa kinachotosha. Tuseme swali ni kuthibitisha kwa induksheni (unakagua n = 1, kisha unaonyesha kwamba kauli ikiwa kweli kwa k, ni kweli pia kwa k + 1) kwamba 3²ⁿ + 7 hugawanyika kwa 8 bila baki, kwa kila namba asilia n kuanzia 1. Mwenzako amekagua n = 1, amepata 16, amechukulia kwamba kwa n = k kauli ni kweli, kisha akachora msalaba. Ukimwandikia mistari mitatu iliyobaki, umemaliza kwa nusu dakika na yeye hajapata kitu. Muulize kwanza: "Dhana yako umeiandika kwa alama?" Wengi huwa wameiandika kwa maneno tu, na maneno hayaingii kwenye mlinganyo. Akiandika 3²ᵏ + 7 = 8m, nyamaza. Dakika mbili nzima, na usimchungulie daftari.

Akiwa bado pale pale, kidokezo cha pili: "Unataka kufika kwenye kipeo gani?" Hapa ndipo utaona kama ameandika 2(k + 1) kuwa 2k + 1, kosa la mabano linaloua uthibitisho wote huku mwenyewe akidhani haelewi induksheni. Ni 2k + 2. Akishaliona, ataona pia kwamba 3²ᵏ⁺² ni 9 × 3²ᵏ. Cha tatu, na uwe umekiweka akiba: "3²ᵏ unaijua ni sawa na nini?" Kutoka kwenye dhana, ni 8m − 7. Hapo 9(8m − 7) + 7 = 72m − 56 = 8(9m − 7), na amefika kwa miguu yake. Ikibidi utoe vyote vitatu, mwenzako ameazima njia, hajaimiliki. Mpe baada ya siku mbili 5²ⁿ + 7, nayo ya 8, bila kumwambia inafanana na ipi.

Huyo anayekukatiza kwa "hiyo imetoka wapi?" usimfukuze. Juni 1993 Andrew Wiles alitangaza kule Cambridge uthibitisho wa Nadharia ya Mwisho ya Fermat, tatizo maarufu la hisabati. Nick Katz, mmoja wa waliopewa kuukagua, alikuwa akimwandikia swali kila alipokwama kwenye mstari. Swali moja halikupata jibu la kutosheleza, na ndipo ufa ulipoonekana. Wiles, akisaidiana na Richard Taylor aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliuziba Septemba 1994. Maswali ya mwenzako yanakula kikao kwa sababu yanaulizwa ukiwa katikati ya sentensi ubaoni. Yakiulizwa kwa penseli kwenye daftari, hayamcheleweshi mtu.

Tena huyo ndiye tiba ya alama zako zilizokatwa. Kwenye "onyesha kwamba" jibu limeshachapishwa kwenye swali, kwa hiyo msahihishaji halilipi. Analipa njia peke yake. Ukitakiwa kuonyesha kwamba (1 − cos 2x)/sin 2x = tan x, na ukatoka upande wa kushoto ukatua kwenye tan x, unaweza kuwa umeyafanya yote kichwani, lakini karatasini kuna pengo. Andika kwamba 1 − cos 2x = 2 sin²x. Andika kwamba sin 2x = 2 sin x cos x. Weka zote mbili kwenye sehemu, onyesha 2 sin x ikifutwa juu na chini, bakisha sin x/cos x, ndipo useme tan x. Anza upande mmoja tu. Wanaoanza na mlinganyo mzima kama umeshakubaliwa, wakakokota pande zote mbili mpaka 0 = 0, wanakuwa wametumia kile walichoambiwa wakithibitishe. Mpe mwenzako huyo karatasi yako asome. Popote atakapouliza "imetoka wapi", ongeza mstari.

Twende kwenye mabishano. La sin x cos x wote mko sahihi, na nashangaa hakuna aliyetafuta derivativu ya jibu la mwenzake kabla ya kuapa. Derivativu ya sin²x/2 ni sin x cos x. Ya −cos²x/2 ni hiyohiyo, kwa kuwa alama mbili za kutoa zinauana. Ya −cos 2x/4 ni sin 2x/2, ambayo ndiyo sin x cos x. Tofauti baina yenu ni namba isiyobadilika: lako linazidi la pili kwa 1/2 popote utakapokwenda, kwa sababu sin²x + cos²x ni 1, na linazidi la tatu kwa 1/4. Namba hizo zinamezwa na C, ile namba isiyobadilika inayoongezwa mwishoni mwa intigrali, ambayo hata kwenye barua yako hakuna aliyeiandika. Kuiacha ni alama moja imetupwa, na safari hii imewagharimu ugomvi pia.

Kuna namna ya haraka ya kupima majibu mawili ya intigrali yanayoonekana tofauti. Weka x = 0 katika kila jibu, kisha x = π/2, na uangalie limepanda kiasi gani. Lako linatoka 0 kwenda 1/2. La pili linatoka −1/2 kwenda 0. La tatu, −1/4 kwenda 1/4. Yote yamepanda 1/2. Kama kuna aliyeandika cos 2x/4 bila alama ya kutoa, lake lingeshuka kutoka 1/4 hadi −1/4, na angejulikana hapo hapo. Kulingana kwa jozi moja ya thamani hakuthibitishi. Kutolingana kunatosha kulikataa jibu.

Kwenye la wavulana na wasichana umepatia wewe: 1440. Ila kuwaambia "mimi ndiye sahihi" hakumfundishi mtu, hasa kwa maswali ya kuhesabu njia, ambapo hoja mbovu inasikika tamu kama nzuri. Wenzako wamechukua mipangilio yote, 7! (yaani 7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1) = 5040, wakatoa ile ambayo wasichana watatu wameshikana kama kitu kimoja, 5! × 3! = 720. Inabaki 4320. Kasoro ni kwamba wameondoa watatu walioshikana, hawakuwaondoa wawili walioshikana na mmoja aliye mbali.

Usibishane nao kwa 7. Punguza namba mpaka macho yaone. Wavulana 2, wasichana 3, viti vitano. Wasichana hawana pengine pa kukaa ila kiti cha 1, cha 3 na cha 5. Jaribuni kuwahamisha muone. Njia ni 3! × 2! = 12. Sasa tumieni hoja yao: 5! − 3! × 3! = 120 − 36 = 84. Wakiona 84 mbele ya 12 wanazoweza kuziandika zote kwa mkono, kazi yako imekwisha. Ndipo uwaonyeshe njia inayofanya kazi: panga kwanza wavulana, 4! = 24; wameacha nafasi tano, tatu katikati yao na mbili pembeni; wasichana watatu waingie nafasi tofauti, 5 × 4 × 3 = 60; na 24 × 60 ni 1440. Mwenye hamu ahesabu mipangilio ambayo wawili tu wameshikana. Atapata 2880, na 1440 ukijumlisha 2880 ni ile 4320 yao.

Suala la simu usiku ni fupi. Usitume utatuzi mzima kwa mtu yeyote, na watangazie wote siku moja ili pasiwe na anayejiona ametengwa. Anayetaka msaada atume picha ya jaribio lake mwenyewe lenye msalaba. Atajibiwa kwa mstari mmoja, na si lazima awe wewe. Picha ya swali tupu haijibiwi. Wakisema una choyo, waulize ni picha ngapi za zamani wanazoweza kuzifanya leo bila kuzitazama. Na ikitokea mtu akaleta kwenye kikundi kitu anachodai ni mtihani wenyewe umevuja, ondokeni hapo. Hilo linaweza kufuta matokeo ya wote watano.

Kuhusu wiki nane: tano za kwanza nendeni kwa maswali manne kama nilivyosema, mkichanganya mada, kwa sababu mtihani hautawaambia "hili ni la induksheni". Wiki tatu za mwisho, kikao kimoja kati ya viwili kiwe cha kupimwa kwa saa, tena cha kimya. Kama karatasi yenu ni saa tatu kwa alama 100, alama moja ni dakika 1.8, swali la alama 8 lina dakika 14 na sekunde chache, na ikipita robo saa, acheni nafasi mhamie jingine. Siku hiyo fanyeni nusu karatasi, kisha msahihishane kwa mwongozo rasmi wa usahihishaji kama mnao. Mwongozo huonyesha njia moja au mbili. Mwenzako akifika kwa njia nyingine iliyo halali, mpe alama zake. Kubishania kama ni halali, hayo ndiyo mabishano nayapenda.

Wewe mwenyewe tenga karatasi moja kila wiki uifanye peke yako mwanzo hadi mwisho. Kikundi kitakukomaza kwenye kueleza, ila hakitakupa kasi, na ukikitegemea kwa kasi utalaumiana nacho tena.

Kikao kijacho msianze na swali jipya. Toa hili: sin 2x = sin x, kuanzia nyuzi 0 hadi 360, ncha zote mbili zikiwemo. Kila mtu na karatasi yake, dakika kumi, na wewe kaa nyuma. Majibu ni matano: 0, 60, 180, 300 na 360. Atakayeleta 60 na 300 peke yake, weka nukta kwenye mstari aliogawanya kwa sin x, mrudishie, unyamaze.